Kudai gharama za kubadilisha nyumba kwa ajili ya biashara ya nyumbani: mwongozo kwa mlipa kodi wa Kenya

Ukivunja ukuta wa gereji, ukaweka mlango unaotazama barabara na kufungua saluni, pesa ulizotumia haziwi gharama za biashara zote kwa mkupuo mmoja. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inazitenga: kuna zinazokatwa kwenye mapato mwaka huohuo, kuna zinazokatwa kidogokidogo kwa miaka kadhaa, na kuna zisizokatwa kamwe. Anayengoja hadi Juni ndipo aanze kupanga, naye ana kikaratasi kimoja cha fundi kilichoandikwa "kazi yote 510,000", hana namna ya kuzitenga tena. Kwa hiyo kazi ya kudai huanza siku unapomwomba fundi kadirio la gharama. Mwambie aandike kila kazi kwenye mstari wake: kuvunja na kujenga, mabomba, nyaya za umeme, paa, rangi, makabati. Akikataa, kaa chini uandike mwenyewe, naye atie sahihi.

Kabla ya hapo, angalia kama una haki ya kudai

Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka huingia kwenye kodi ya mauzo, iitwayo TOT. Kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hukokotolewa kwenye mauzo ghafi. Ukiwa humo, hakuna gharama inayokatwa: si kodi ya pango, si saruji, si kompyuta. Unaweza kutumia nusu milioni kwenye nyumba na kodi yako isishuke hata kwa shilingi moja.

Sheria inakuruhusu kujitoa TOT kwa kumwarifu Kamishna kwa maandishi na kulipa kodi ya mapato ya kawaida. Piga hesabu kwanza. Chukua mtu mwenye mauzo ya milioni 3 na asiye na ajira kwingine: TOT yake ni shilingi 90,000. Kama faida yake halisi ni 563,000, kodi ya kawaida baada ya nafuu binafsi ya 28,800 ni 77,500. Akiwa na makato ya 63,000 yatokanayo na mabadiliko ya nyumba, kodi inashuka hadi 58,600. Huyu anafaidika kwa kutoka. Mwenye faida nono kwenye mauzo hayohayo, au aliyeajiriwa na tayari mshahara wake umekula viwango vya chini na nafuu binafsi, huenda akaumia. Kumbuka pia kuwa ukitoka unapaswa kuweka vitabu kamili vya hesabu.

Wanaotoa huduma za kitaalamu, kama wahasibu, wanasheria na washauri, hawamo kwenye TOT kwa vyovyote. Wenye mauzo yasiyofika milioni 1 nao hawamo. Hao wote wako kwenye kodi ya kawaida, na yanayofuata yanawahusu moja kwa moja.

Chumba lazima kiwe cha biashara

Kifungu cha 15 kinaruhusu gharama iliyotumika yote, na kwa lengo hilo peke yake, kuzalisha mapato. Kifungu cha 16 kinakataza matumizi ya kujikimu mwenyewe, familia na nyumba. Video nyingi zinazozunguka mitandaoni kuhusu ofisi ya nyumbani ni za Marekani, ambako kuna njia ya mkato ya dola 5 kwa kila futi ya mraba hadi futi 300, au za Uingereza, ambako kuna kiwango maalumu cha pauni kwa mwezi kulingana na saa unazofanya kazi nyumbani. Kenya haina mkato wa aina hiyo. Hapa unathibitisha shilingi kwa shilingi.

Meza ya kulia chakula ambayo usiku inakuwa ofisi haikusaidii kwenye gharama za kubadilisha jengo. Kinachosimama vizuri zaidi mbele ya afisa wa kodi ni chumba cha nje kilichojitenga. Kinachofuata ni chumba kilichokatwa kwa ukuta na chenye mlango wake wa wateja. Kilicho dhaifu ni chumba cha ndani ambacho bado kina kitanda cha mgeni.

Pima eneo siku ya kwanza. Tuseme nyumba ina mita za mraba 120 na chumba cha biashara 18. Sehemu yako ni asilimia 15. Kiasi hicho utakitumia kwa gharama zinazohudumia nyumba nzima, kama kurekebisha paa au kodi ya pango ukiwa mpangaji. Kazi iliyofanywa ndani ya chumba cha biashara pekee haigawanywi. Chora ramani hata ya mkono, andika vipimo na tarehe, piga picha kabla ya kazi na baada yake. Picha zinazoonyesha chumba kilivyokuwa ndizo watu husahau, na haziwezi kupatikana tena ukuta ukishaanguka.

Kutenga kazi

Ukarabati ni kurudisha kitu katika hali yake: kubadilisha mabati yaliyooza kwa mabati, kuziba ufa, kupaka rangi upya chumba ambacho tayari kinatumika kwa biashara, kubadilisha kitasa. Huu hukatwa wote katika mwaka uliofanyika, kwa kiasi kinachohusu biashara.

Uboreshaji ni kuleta ambacho hakikuwepo: mlango mpya, ukuta wa kugawa, choo cha wateja, dari ambapo hapakuwa na dari. Haya ni matumizi ya mtaji, na kifungu cha 16 kinayazuia yasikatwe moja kwa moja. Njia yake ni makato ya uwekezaji chini ya Jedwali la Pili la sheria hiyohiyo. Jengo la biashara, ambalo sheria inataja ndani yake ofisi, duka na chumba cha maonyesho, hupata asilimia 10 kwa mwaka kwa mafungu sawa. Samani na vitu vya kufungwa, asilimia 10. Kompyuta, printa na mashine za kunakili, asilimia 25. Mashine nyingine za kawaida, asilimia 10.

Mashine inayotumika kutengeneza bidhaa ina bahati zaidi: asilimia 50 mwaka wa kwanza, kisha kilichosalia kwa asilimia 25 kila mwaka. Mwenye tanuri la kuoka mikate ya kuuza asiliweke kwenye fungu la samani eti kwa sababu liko jikoni. Gharama ya kuliweka tanuri, pamoja na waya uliovutwa kwa ajili yake pekee, huifuata mashine. Jengo la kutengenezea bidhaa nalo hupata asilimia 50 mwaka wa kwanza, lakini hapo tarajia maswali: je, ni kiwanda kweli au ni jiko la nyumba lenye tanuri kubwa?

Makosa huzaliwa mpakani. Rangi ya ukuta mpya ni sehemu ya ujenzi, haiwi ukarabati. Ukarabati uliofanywa pamoja na ubadilishaji ili chumba kiweze kuanza kutumika huhesabiwa na ujenzi. Dirisha la mbao lililooza ukilibadilisha kwa la alumini la ukubwa uleule, una hoja nzuri ya ukarabati. Ukipanua tundu likawa dirisha la duka, hoja imekufa. Ada ya mchoraji ramani na ada ya kaunti ya kuidhinisha mchoro huongezwa kwenye gharama ya jengo. Leseni ya biashara ya kila mwaka ni gharama ya mwaka huo.

Jambo moja huwapotosha wengi. Kifungu cha 15 kina aya inayoruhusu kukata gharama za kubadilisha muundo wa jengo. Aya hiyo ni ya mwenye nyumba ya kupangisha, na ni pale tu mabadiliko yanapohitajika ili kodi ya pango iliyopo isishuke. Kuongeza chumba hakumo. Mwenye saluni nyumbani kwake haimhusu.

Mfano wenye tarakimu

Nyumba ya mita 120, gereji ya mita 18 inageuzwa kuwa duka la kushona na kuchapisha. Matumizi yote ni shilingi 510,000.

Kuvunja, kujenga, mlango, plasta na rangi ya kuta mpya: 190,000. Choo cha wateja na bomba lake: 85,000. Mchoro na idhini ya kaunti: 25,000. Jumla ya jengo ni 300,000, na asilimia 10 yake ni 30,000 kwa mwaka.

Kaunta, rafu na vioo: 90,000, asilimia 10, yaani 9,000 kwa mwaka.

Kompyuta na printa: 60,000, asilimia 25, yaani 15,000 kwa mwaka kwa miaka minne.

Mabati yaliyooza ya nyumba nzima: 60,000. Huu ni ukarabati, lakini sehemu ya biashara ni asilimia 15: 9,000, mara moja. Zile 51,000 zilizobaki ni za nyumbani na hazidaiwi popote.

Makato ya mwaka wa kwanza ni 63,000. Kwa mtu ambaye shilingi yake ya mwisho iko kwenye kiwango cha asilimia 30, yaani mapato ya mwaka kati ya 388,000 na milioni 6, kodi inayookolewa ni 18,900. Aliyebandika 510,000 zote kwenye gharama angejiona ameokoa 153,000, na tofauti hiyo ndiyo KRA, mamlaka ya mapato, humrudia nayo pamoja na adhabu na riba.

Choo hapo juu kimehesabiwa chote kwa sababu ni cha wateja na mlango wake uko ndani ya duka. Kama watoto wa nyumba wanakitumia, hoja ya matumizi ya biashara pekee inaondoka. Ukiwa bado hujajenga, hamisha mlango wa choo.

Ankara: hapa ndipo madai hufa

Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa zile zilizotajwa na sheria kama mishahara na riba. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha kwamba ulilipa, lakini si ankara. Risiti ya duka la vifaa vya ujenzi isiyo na PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi, pia haikufai. Toa PIN kabla hawajaandika ankara, maana kurekebisha baadaye ni shughuli. Hakikisha PIN ni ya mwenye biashara. Mke akiwa ndiye mwenye saluni na mume ndiye aliyenunua saruji kwa PIN yake, gharama imeenda kwa mtu asiye na mapato ya kuikatia.

Tenganisha manunuzi kaunta. Mifuko 20 ya saruji, 12 ya duka na 8 ya ukuta wa nyuma ya nyumba, iandikiwe ankara mbili. Ukichanganya, utabaki kukisia, na makisio ndiyo afisa hupenda kuyakata.

Fundi wa mtaani ndiye tatizo kubwa, kwa kuwa wengi hawako kwenye eTIMS. Tangu sheria ya taratibu za kodi ilipobadilishwa mwishoni mwa 2024, mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Wewe unaianzisha kwenye eTIMS, fundi anaikubali kwa simu yake. Anahitaji kuwa na PIN inayofanya kazi, kwa hiyo iulize kabla ya kumpa kazi. Fanya hivyo kwa kila malipo akiwa bado yuko kwenye jengo. Fundi aliyekwisha kuhamia kazi nyingine hashiki simu kukubali ankara ya mtu, na ukimpata atataka "ya kodi" juu.

Hifadhi kila kitu kwa miaka mitano: kadirio, mkataba, ankara, uthibitisho wa malipo, picha, ramani, idhini. Makato ya jengo yakienda miaka kumi, utaulizwa mwaka wa nane kuhusu ankara ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo za jengo zitunze hadi miaka mitano baada ya kukata fungu la mwisho. Karatasi za risiti hufifia. Zipige picha siku hiyohiyo.

Kodi ya zuio

Malipo ya kazi za ujenzi yakifikia shilingi 24,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja, mlipaji anapaswa kuzuia asilimia 3 kwa mkandarasi mkazi; kwa mchoraji ramani au mhandisi ni asilimia 5. Pesa hizo hupelekwa KRA ndani ya siku tano za kazi, na iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, humtolea fundi cheti. Ukinunua vifaa mwenyewe na kumlipa fundi 40,000 za kazi tu, unazuia 1,200 na kumpa 38,800. Ukimpa kazi nzima na vifaa ndani, zuio linahesabiwa kwa bei yote. Mweleze siku ya kupatana bei, la sivyo atadhani umemkata.

Kama umesajiliwa kwa VAT na unairudisha ile uliyolipa kwenye vifaa, usiihesabu tena ndani ya gharama ya jengo. Asiyesajiliwa ahesabu bei pamoja na VAT.

Ulikopa?

Riba ya mkopo uliotumika kwenye chumba cha biashara hukatwa kwenye mapato ya biashara. Riba ya mkopo wa benki uliotumika kununua au kuboresha nyumba unamoishi ina haki yake tofauti, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka tangu mabadiliko yaliyoanza 27 Desemba 2024. Mkopo mmoja ukifanya kazi zote mbili, igawe riba kwa kiasi kilichokwenda kila upande. Katika mfano wetu, paa lilichukua 60,000, na 9,000 kati yake ni za biashara. Vitu vitatu vya duka, yaani jengo, samani na kompyuta, ni 450,000, ongeza 9,000 za paa, upate 459,000 za biashara, 51,000 ni za makazi, jumla 510,000. Riba ya 50,000 ingegawanyika 45,000 na 5,000. Riba ileile isiingie pande zote mbili.

Mpangaji, na mwenye kampuni

Mpangaji apate barua ya mwenye nyumba inayoruhusu kazi na matumizi ya biashara, kabla ya nyundo ya kwanza. Weka pesa nyingi kwenye vinavyobebeka, maana ukuta utauacha na makato yake yatakoma ukihama, ilhali rafu na mashine utaondoka navyo. Ukikubaliana kazi ikatwe kwenye kodi ya pango, basi usidai tena gharama hiyo kama yako, umelipwa.

Kama biashara ni kampuni na nyumba ni yako binafsi, usiiachie kampuni ilipe mafundi hivihivi. KRA itaiona kuwa faida aliyopewa mkurugenzi. Andikeni mkataba wa pango wa chumba, kampuni ikulipe, nawe uitangaze hiyo pango kama mapato. Mara nyingi kampuni ikinunua samani na mashine tu, na jengo likabaki lako, mambo huwa mepesi.

Kujaza ritani

Mwenye mapato ya biashara hujaza faili la Excel la ritani ya mtu binafsi kutoka iTax, hulikagua kwa kitufe chake, kisha hupakia faili lililobanwa. Ukarabati unaingia kwenye hesabu ya faida na hasara. Makato ya uwekezaji hayaingii hapo. Yana kurasa zake, na kila aina ya mali ina mstari wake na kiwango chake. Uchakavu ambao mhasibu ameuweka kwenye hesabu lazima urudishwe kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi, la sivyo utakuwa umeikata kaunta ileile mara mbili. Hili ni kosa la kawaida sana.

Makato huanza mwaka chumba kinapoanza kutumika. Ulimaliza kujenga Novemba 2025 na kufungua Februari 2026? Fungu la kwanza ni la 2026. Ritani inafungwa 30 Juni ya mwaka unaofuata, lakini kodi iliyosalia inalipwa kufikia 30 Aprili. Ukigundua ulidai vibaya au ulisahau, unaweza kurekebisha ritani ndani ya miaka mitano. Rekebisha kabla barua ya KRA haijafika.

Biashara ikihama au chumba kikirudi kuwa cha kulala, acha kudai fungu la jengo kuanzia hapo. Ukiuza kompyuta au kaunta kwa zaidi ya thamani iliyobaki kwenye hesabu za kodi, ziada hiyo ni mapato ya biashara. Na siku ya kuuza nyumba yenyewe, gharama ya kuboresha ambayo hukuikata kwenye mapato huongezwa kwenye bei yako ya kununua unapokokotoa kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu 2023. Uliyokwisha kuikata haiongezwi. Andika orodha hizo mbili kando kwa kando tangu sasa, kwa sababu mwanasheria wa mauzo ataziulizia ndani ya wiki moja.